Mkono wa Kike

Nyani wa mto Sondu hawaogopi wanawake. Hili halihitaji kuandikwa kitabuni, kwa sababu mwanamke yeyote aliyewahi kulima kando ya ule mto atakuambia. Mwanamume akijitokeza pembeni mwa shamba, hata akiwa mlevi asiyeweza kusimama sawasawa, nyani wanakimbilia miti. Mwanamke akija na panga, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, wanabaki wamekaa kwenye mahindi yake, wanamtazama huku wakiendelea kumenya. Nilijaribu kuvaa koti la mume wangu na kofia yake, nikatembea kwa hatua ndefu nikikohoa kama yeye. Walikimbia kidogo. Kisha dume lao kubwa likasimama, likanitazama kutoka miguuni hadi usoni, likarudi kula.

Siku hiyo niliapa kununua bunduki.

Ilikuwa miaka ya themanini inaelekea ukingoni. Mume wangu alikuwa fundi wa meli bandarini Kisumu, anakuja nyumbani Jumamosi akinuka grisi, na shamba alikuwa ameniachia mimi. Nilipomweleza alicheka, akasema yeye anatosheka na nyundo, lakini hakunizuia. Waliotaka kunizuia walikuwa maofisini. Kila dirisha nililosimama niliulizwa swali lile lile: "Mume wako anajua?" Nilijibu kwa adabu mara nyingi kuliko nilivyodhani naweza, na mimi si mtu wa adabu nyingi nikichokozwa. Hatimaye nilipewa leseni ya bunduki ndogo, niliyoinunua kwa Mhindi mmoja mwenye shamba la miwa aliyekuwa anahamia ng'ambo. Ilikuwa ya risasi nyembamba, zile za kutishia wanyama zaidi ya kuwaangusha, lakini ilijipakia yenyewe. Ukivuta triga mara moja inalia mara moja, inatema ganda tupu pembeni, inajivutia risasi nyingine, inakungoja.

Leseni ilikuja na sharti. Bunduki ingeletwa uwanjani kutoka polisi, na kabla sijaifikisha nyumbani ilinibidi nipige shabaha mbele ya mkufunzi wa uwanja, naye aseme kwamba mama huyu anafaa. Akisema sifai, bunduki ingerudi kwenye ghala la polisi mpaka mwezi mwingine nijaribu tena. Mahindi yangu yalikuwa yameanza kukomaa wakati ule. Baada ya mwezi mmoja ningekuwa na bunduki na mabua matupu.

Basi asubuhi ya siku yenyewe nilijipamba. Nasema kweli, nilijipamba. Nilikuwa nimepata suruali ya kaki ya kiume pale soko la Kibuye, mtumba safi, nikaipunguza kiunoni. Juu nikavaa blauzi mpya ya kitenge, yenye shingo pana, ambayo fundi alikuwa amemaliza kuishona wiki ile. Nilitaka wale wanaume wa uwanjani wajue kwamba sikuja kuomba msamaha. Nikapiga pikapu moto, nikazunguka kupitia Awasi kumchukua baba yangu.

Baba alikuwa askari wa zamani, wa ile vita ya Burma. Pale nyumbani alizungumza nasi Kijaluo siku zote, isipokuwa mambo ya jeshi. Hayo aliyasema kwa Kiswahili chake cha kambini, kana kwamba lugha nyingine ingeyachafua. Sikumwalika yeye. Alisikia tu kwamba nimepata bunduki, akatuma neno kwamba nisiende uwanjani bila yeye. Nilimkuta amesimama barabarani na fimbo yake, viatu vimepigwa rangi, na medali yake moja kifuani. Nilipoiona ile medali nilielewa. Hakuja kunisindikiza. Alikuja kukagua.

Tulipokaribia mjini aliniuliza kwa Kijaluo, "Utapiga kwa mkono gani?"

"Wa kulia, baba."

"Vizuri," akasema, akatazama nje.

Hapo kuna kisa. Mimi nilizaliwa *racham*, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtu wa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu mkono huo haukugusa chakula, haukumpokea mgeni, haukumnyooshea mkubwa kitu chochote. Wangu ulikuwa na haraka, kila mara ukifika kwenye sahani kabla ya mwenzake. Baba aliniponya kwa kamba ya mkonge. Wakati wa kula alinifunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye mguu wa kiti changu, nami nikala kwa ule mwingine, chakula kikimwagika mapajani, mpaka nikaweza. Shuleni mwalimu alimalizia kazi kwa rula. Nilikua nikiandika kwa mkono wa kulia, nikila kwa mkono wa kulia, nikisalimia kwa mkono wa kulia. Sikumchukia baba kwa hilo, maana kila racham niliyemjua alifungwa hivyo. Ila jembe nililishika nilivyotaka, kwa kuwa shambani hakuna aliyekuwa akinitazama ila nyani.

Uwanja wa shabaha ulikuwa chini ya vilima vya Kajulu. Kulikuwa na banda refu la mabati lisilo na kuta, benchi nyuma yake, na mbele kabisa ukuta wa udongo uliosukumwa na tingatinga, mbao za shabaha zimesimamishwa mbele yake. Wanachama wachache wa klabu ya shabaha walikuwa wamefika. Mmoja wao alikuwa muuza dawa wa mjini, Mhindi mnene, mcheshi, ambaye ndiye aliyepangiwa nafasi ya kulia kwangu. Aliniamkia vizuri. Wengine walitazama suruali yangu.

Mkufunzi alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Mkoa wa Kati, mrefu, mkavu, aliyekuja Kisumu na mke aliyekuwa akiuza viazi Kibuye. Miaka yake mingi ya kazi aliipitishia Mombasa, na huko aliokota maneno ya pwani ambayo yalikaa mdomoni mwake kama wageni waliokosea nyumba. Herufi zake l na r zilikuwa zimebadilishana viti. Mimi nami sh imenishinda tangu darasa la kwanza, kama inavyowashinda wengi wetu wa ziwani. Kwa hiyo yeye alisema "renga", mimi nikasema "sabaha", na tukaelewana bila shida.

"Mama," akaniambia, "hapa amri ni yangu. Kitu ya kwanza, mdomo ya bunduki inaangaria huko kwa udongo. Saa yote. Hata nyoka ikipanda mguu yako, inaangaria huko. Umesikia?"

"Nimesikia, sajini."

"Wengi wanasema wamesikia," akasema, akanipa pamba za masikioni. "Sasa shika na mkono ya kiume."

Nilidhani ananidhihaki. Damu ilinipanda, nikamwuliza mkono wa kiume ndio upi, maana mimi yote miwili nilizaliwa nayo ya kike. Wanaume kwenye benchi walicheka. Sajini hakucheka. Akaeleza kwamba Waswahili wa pwani wanauita hivyo mkono wa kulia, wenye nguvu, na huu wa kushoto ndio mkono wa kike. Nilimwambia asante kwa elimu. Moyoni nilisema mengine.

Nikaweka kitako cha bunduki kwenye bega la kulia, shavu juu ya kitako, nikafumba jicho la kushoto. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu jicho la kushoto lilikataa. Nikilifumba, la kulia nalo linafuata. Nikiyafumbua yote mawili, naona mbao mbili za shabaha zimekaa pamoja kama mapacha, na kijipini cha mbele cha bunduki kinatangatanga kati yao. Nilichagua mbao moja kwa imani tu. Nikavuta triga.

Haikupiga teke nililolitarajia. Ilisukuma bega kidogo tu, na ganda la shaba likaruka upande wa kulia, likalia kwenye sakafu. Nilifurahi jinsi lilivyolia. Nikavuta tena, na tena, bunduki ikitii kila mara bila kuchoka, na nilipomaliza magazini, kile kikasha cha risasi, nilijiona askari kamili.

Sajini aliita kila mtu aweke silaha chini, tukaenda kutazama. Mbao yangu ilikuwa safi. Haikuwa na tundu hata la mdudu. Ya muuza dawa, kwa upande mwingine, ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopiga, na mengine yalikuwa pazuri mno. Alisimama akiyahesabu kwa kidole, uso umejaa mshangao. "Mama, mimi iko piga hii yote?" akauliza. Hapo hata sajini alicheka. Mimi nilirudi bandani nikiwa na joto masikioni.

Sikutaka kumtazama baba, lakini nilimtazama. Alikuwa ameketi wima kwenye benchi, mikono juu ya fimbo. "Wewe hapana ona shabaha," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wewe iko omba Mungu."

Sajini alinipa magazini ya pili. Akainama karibu ili wengine wasisikie, na kwa hilo namheshimu. "Mama, hii ndiyo ya mwisho. Ikienda hivyo, siwezi kusema unafaa. Utaludi mwezi ujao."

Nilifikiria lile dume la nyani. Nilifikiria yale madirisha ya ofisi, na yule afisa aliyenikabidhi leseni akitabasamu kana kwamba ananipa mwanasesere. Nikaweka bunduki begani mwa kulia tena, jicho likakataa tena, na nikapandwa na hasira ambayo sikuwa nimeipata tangu utotoni. Si kwa sajini, wala kwa nyani. Nilikasirikia bega lile la kulia, na mkono ule uliofundishwa kila kitu na haukujua kitu. Sikuomba ruhusa. Nikahamisha bunduki kwenda kushoto.

Jicho la kulia lilijifumba lenyewe, kirahisi, kana kwamba lilikuwa linasubiri kuambiwa. Mbao ikawa moja. Kijipini kikasimama katikati yake na hakikuenda popote. Nilihisi kitako kimeingia begani kama mpini wa jembe langu unavyoingia kiganjani, na nikajua kabla ya kupiga kwamba nitapata.

"Mama," sajini akasema nyuma yangu, "huo ni mkono ya kike."

"Na mimi ni mwanamume?" nikamjibu bila kugeuka.

Nilisikia fimbo ya baba ikigonga sakafu. Alikuwa amesimama. Mgongo wangu wote ulijua kwamba amesimama, na kifundo changu cha mkono wa kushoto kilijua kuliko mgongo. Nikasubiri kidogo, nikidhani ataniita. Hakuniita. Nikavuta triga.

Risasi ya kwanza ilitoboa mbao yangu. Niliona vumbi dogo likitoka nyuma yake na nikataka kupiga vigelegele. Ya pili pia. Ya tatu pia. Lakini bunduki ile ilikuwa imetengenezwa na watu wasiojua kwamba kuna racham duniani, maana ilitema maganda yake upande wa kulia, na sasa upande wa kulia ndipo ulipokuwa uso wangu. La kwanza lilinipita pua. La pili lilinigusa shavu. La tatu liligonga nguzo ya banda, likarudi, likaingia kwenye shingo pana ya blauzi yangu mpya ya kitenge.

Asiyewahi kuingiwa na ganda la risasi lililotoka kwenye moto sasa hivi asinisimulie habari za maumivu. Lilitulia juu ya mfupa wa kifua, chini ya kamba ya sidiria, likakaa hapo likiiva. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuruka, kugeuka, kutupa kila nilichoshika na kuchana ile nguo mbele ya watu wote. Machozi yalitoka. Nilisikia muuza dawa akisema, "Arre, mama!"

Lakini mdomo wa bunduki uliangalia udongo. Nilikuwa nimeambiwa nyoka, na sikuona tofauti. Nilitoa kidole kwenye triga, nikarudisha kile kidude cha usalama mahali pake, nikachomoa magazini, nikavuta nyuma kile chuma cha kupakia, ile risasi iliyokuwa imejipakia ikatoka, nikalaza bunduki juu ya meza, mdomo wake bado unatazama ukuta. Nilifanya yote hayo polepole, kwa mpangilio, huku nikisema kwa Kijaluo maneno ambayo mwanamke wa kanisani hapaswi kuyajua. Kisha nikarudi nyuma hatua moja, nikaingiza mkono kifuani, nikatoa lile ganda, nikalitupa chini.

Hakuna aliyecheka. Sajini alikuja, akaokota ganda, akaligeuza kwenye vidole vyake. Alinitazama, akatazama bunduki ilivyolala.

"Nimefundisha mapolisi miaka mingi," akasema. "Hii ikiwaingia wanaluka kama mbuzi. Mmoja aligeuka na bunduki ikatutazama sisi wote." Akatikisa kichwa. "Sijali tena sabaha yako, mama." Nadhani alisema "sabaha" makusudi. "Bunduki ni yako. Nenda nayo nyumbani."

Nilitaka kujizuia na sikuweza. Nilicheka na kulia pamoja, nikamshika mkono, na niligundua baadaye kwamba nilimshika kwa wa kushoto. Yule muuza dawa alipiga makofi. Akanishauri nipake mafuta ya kuungua, akaniambia duka lake lilipo, biashara ni biashara. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameshatoka bandani, amesimama kando ya pikapu akitazama vilima.

Niliifunga bunduki kwenye sanduku lake, nikaondoka. Baba alitazama nje ya dirisha njia nzima. Nilijua amekasirika, na furaha yangu ilianza kupoa pale pale kwenye usukani. Mwanamke mzima, mwenye leseni ya serikali, lakini nilikuwa tayari nahisi mkonge kwenye kifundo. Nilianza kutunga maneno ya kujitetea. Nitamwambia jicho ndilo lililokataa. Nitamwambia bunduki si sahani.

"Nina njaa," akasema. "Tupite ziwani."

Tulikwenda kwenye vibanda vya samaki kule ufukoni, ambako moshi na mafuta vinakupokea kabla ya mtu. Niliweka sanduku la bunduki chini ya benchi, baba akaweka kiatu chake kilichong'aa juu yake bila kuambiwa. Ngege aliletwa mzima, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika, na ugali wa moto. Msichana wa kibanda akaja na beseni na jagi la maji ya kunawa. Akaanza kwa mzee, kama inavyopasa. Kisha akanigeukia mimi, nikanyoosha mkono wa kulia.

"Ngoja," baba akasema.

Alichukua jagi kutoka kwa yule msichana. Sijawahi kuona, kabla ya hapo wala baada yake, mzee wa Kijaluo akimnawisha binti yake. Msichana naye alisimama na beseni lake, mdomo wazi.

"Nyara," akaniambia, ndivyo baba anavyomwita binti yake kwa lugha yetu. "Huo haukufanya kazi leo. Lete mwingine."

Nilisita. Aliinua jagi na kungoja. Nikaleta mkono wa kushoto. Alimwaga maji juu yake polepole, akazungusha kidole gumba chake kwenye kifundo changu, mahali pale pale, kana kwamba kuna kitu anakisugua kitoke. Sikuweza kumtazama. Nilitazama maji yakiingia kwenye beseni.

Nikala kwa mkono wa kushoto mbele ya baba yangu. Nilikula vibaya, kwa kuwa ule mkono haukuwahi kufundishwa, tonge likivunjika, miba ikinishinda, mafuta yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko na juu ya ile blauzi iliyokuwa imekwisha kuharibika. Nilijivuna kwa kila tonge. Nilitamani nyani wote wa mto Sondu wangekuwa pale kuona. Baba alinichambulia miba, akaweka minofu upande wangu wa sahani, akinitazama kama alivyonitazama uwanjani, bila kupepesa.

Tulipomaliza alijifuta mdomo, akaondoa kiatu juu ya sanduku.

"Lakini kwa wakwe zako," akasema, "utumie ule mwingine."